Diski ya Kwanza

Profesa aliligundua kosa lake kwa masikio. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinasema asilimia arobaini na moja, kazi inakwenda vizuri, naye alikuwa ameshainuka akaoge kabla binti yake hajafika. Ndipo akasikia mkwaruzo, kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Katika nyumba ile ni diski moja tu iliyolia hivyo, nayo ilikuwa ya marehemu mkewe. Haikupasa kuwa inafanya kazi yoyote.

Akachomoa waya ukutani. Feni ikazunguka kidogo, ikatulia. Akabaki amesimama, plagi mkononi na taulo begani.

Hakuwa profesa wa chochote. Miaka thelathini alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na mbwa wa mitaa mitatu waliijua ladha ya miguu yake. Jina alipachikwa na fundi viatu wa jirani siku alipoanza kubeba kompyuta zilizotupwa na maofisi. Sasa zilikuwa tano, zimepangwa kwenye meza mbili za chumba cha mbele. Mifumo mipya ilikuwa imezikataa kwa uzee, kwa hiyo alizitilia Linux, mfumo wa bure, kila moja aina yake kwa kadiri ya pumzi zake: Debian kwa yenye nguvu, Mint kwa mbili zinazojikongoja, Puppy kwa kikongwe kisichokuwa hata na diski, kinachoamka kwa flashi. Ya tano aliitilia Slackware, iliyo ngumu kuliko zote, kwa ukaidi tu.

"Umeoa wake watano," mkewe alikuwa akimwambia, "na hakuna hata mmoja anayejua kupika."

Mkewe alikuwa na yake mwenyewe, ya sita, ya kuandikia barua za kikundi cha kina mama. Wiki tatu kabla ya kufa alijifungia nayo chumbani akarekodi maneno. "Haya ni ya binti yako," alisema alipotoka. "Akija, msikilizishe. Wewe usisikilize."

Naye hakusikiliza. Hata nakala hakutoa, maana aliujua mkono wake: ukishika faili lile kulinakili, utalifungua. Huo ndio uaminifu wake, na ndio uliomponza.

Binti alikuwa ameondoka miaka minne iliyopita, akamfuata mwanamume ambaye mama yake hakumtaka. Mama akamwambia pale mlangoni, majirani wakisikia, kwamba radhi yake asahau. Hata mazikoni hakuja. Aliogopa macho ya watu. Mwezi wa kumi na moja baada ya maziko ndipo akapiga simu. "Baba, aliniachia radhi au hakuniachia?"

"Maneno yapo. Njoo uyasikie mwenyewe."

Ile ya sita ilichukua dakika ishirini kuamka, na sauti yake ilikuwa inakwamakwama. Profesa alitaka binti asikie vizuri. Akaing'oa diski ya mkewe, akaipachika kwenye mashine ya Debian kando ya diski yake ya zamani, akaanza kuisafisha ile ya zamani na kuiwekea mfumo mpya. Kila aliyemletea kompyuta alimhubiria sheria moja: diski usiyotaka iguswe, ichomoe kabla hujaanza. Asubuhi ile hakuichomoa. Zilikuwa mbili za ukubwa mmoja, na kwenye orodha akachagua ya kwanza, kwa kuwa miaka yote diski ya mashine ile ilikuwa ya kwanza. Alisahau kwamba ya mkewe aliichomeka kwenye tundu la kwanza, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Mganga hajigangi.

Binti aliingia saa sita, amekonda, begi dogo kwapani. Hakukaa.

"Ni ipi, baba?"

Profesa alikuwa na jibu limeiva mdomoni. Mama yako amekuachia radhi. Maneno manne tu, na nani angemsuta? Aliyeyajua ya kweli alikuwa chini ya udongo. Akamtazama binti usoni, yale macho ya mkewe yakamtazama, jibu likamkauka.

"Mwanangu, nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Diski. Leo asubuhi, kwa mkono wangu huu. Nilikosea."

Binti aliweka begi chini taratibu. "Lakini ulishasikiliza. Niambie tu alivyosema."

"Alinikataza."

"Miezi kumi na moja, baba? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kwa hiyo hakuna anayejua."

Profesa akachukua bisibisi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ya maziko, aliposhindwa kulia mbele za watu.

Akaihamishia diski kwenye Slackware, akaanzisha programu ya kuokota mabaki ya mafaili. Mabaki hayana majina, yana namba tu, na mengi ni vipande. Binti akavuta kiti, akakaa mikono ameikunja. Zikaja barua za kikundi, nusunusu. Ikaja picha ya harusi ya mtu, imekatika kichwa. Chai waliyopika ikapoa bila kuguswa. Saa kumi hivi kikaja kipande cha sauti, cha sekunde tisa.

Profesa akabonyeza.

Kiti kililia. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mkewe, yenye kucheka kidogo: "Wewe Profesa, toka hapo mlangoni, miguu yako naiona. Haya ni yangu na mwanangu." Pumzi ikavutwa, ya mtu anayetaka kuanza. Basi.

Wakangoja programu imalize. Haikuleta sauti nyingine.

"Kakuita mwanangu," Profesa alisema.

"Mtu hata akitaka kukulaani anakuita mwanangu." Binti alijifuta uso kwa kiganja. "Na maneno yaliyobaki kakupa wewe. Hata hapo, kakupa wewe."

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa na mashine tano, baba. Tano, na hata nakala moja hukuweka!" Akaivuta kibodi upande wake. "Nionyeshe pa kubonyeza, halafu utoke. Niache nayo."

Akamwonyesha. Akatoka, akaurudisha mlango, akasimama ukumbini na taulo lake lilelile begani. Humo ndani kiti kililia, mtu akakohoa, mkewe akamwambia atoke mlangoni. Binti akabonyeza upya, naye akamwambia tena. Profesa akaegemea ukuta, hakuondoka, akawa anasubiri kila mara ile pumzi ivutwe.