Mama Mkwe na Breki ya Mkono

Kinyozi alivuta breki ya mkono mbele ya nyumba yake, akashuka kumfungulia mama mkwe mlango. Gari lake kuukuu likaanza kuteremka na mama mkwe ndani. Akakimbia mbele, akalizuia kwa mgongo.

"Mama, shuka upesi!"

"Nishuke vipi, mwanangu, na gari linatembea?"

Fundi wa jirani akaja mbio, akatia jiwe mbele ya gurudumu, kisha akajilaza chini ya gari.

"Waya umelegea," akasema, akaukaza. Alipovuta tena breki na kuondoa jiwe, gari likatulia tuli. Kinyozi akashusha pumzi.

Mama mkwe hakushuka.

"Binti yangu aniletee chai humu humu," akasema. "Na wewe mwanangu, endelea kulishikilia. Huyu fundi mimi simjui."