Tabea na Jua la Makambako

Jua la Makambako linadanganya, mdogo wangu. Upepo unakufungisha sweta mpaka shingoni, ukadhani jua halipo. Kumbe lipo, jeupe, kali, linashuka juu ya mitumba uliyoitandaza chini, linashuka juu ya uso wako.

Likakuachia wekundu puani, ukaenea mashavuni, kulia na kushoto, kama kipepeo aliyetua akakataa kuruka. Tukasema ni mafuta ya kujipaka, yale mapya yaliyojaa madukani tangu serikali ilipofungulia biashara. Ukaacha mafuta. Kipepeo hakuondoka.

Kisha vidole: asubuhi vimevimba, vigumu, havifungi hata kifungo. Kisha homa. Kisha vidonda mdomoni, na nywele zikibaki kwenye kitana. Nami nakupeleka, Tabea, nakupeleka. Duka la dawa: malaria. Zahanati: malaria. Duka jingine: baridi yabisi, avae soksi. Soksi! Mtu wa Njombe, aliyezaliwa kwenye ukungu, leo ndiyo baridi imemwingia!

Unakunywa klorokwini, chungu, unapata nafuu kidogo, wanasema, "Si tulisema?" Dozi inaisha, unaanguka tena. Nilichoka, mdogo wangu. Nilichoka kusikia malaria.

Lakini afadhali malaria. Ulipokonda, midomo ya watu ikapata kazi. Miaka ile nani alikonda akaachwa akonde kwa amani? Mama mkwe wako akakutengea kikombe, akakutengea sahani. Tukapima UKIMWI. Huna. Linus, mumeo, akasikiliza majibu huku akitazama viatu vyake, kisha akaniambia, "Shemeji, mchukue kwanza. Akipona atarudi."

Mchukue kwanza! Kama gunia la viazi lililokosa mnunuzi.

Nikakuchukua. Njia nzima mpaka Njombe kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu, chepesi, cha moto. Hospitalini daktari, mama wa maneno machache, alikutazama uso kabla hajakuuliza kitu. Akakubonyeza vidole, akapima mkojo, damu akaipeleka Dar. Tukasubiri. Viazi vikachimbwa, tunasubiri.

"Ni lupus," akasema majibu yaliporudi. "Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Wa kwako wamekosea adui, wanampiga mwenye nyumba. Wanashambulia zile nyuzi zinazoushikilia mwili pamoja: za ngozi, za viungo, hata za figo. Hukuambukizwa na mtu, wala huwezi kumwambukiza mtu. Na jua linawachokoza."

"Dawa ipo?" nikauliza.

"Ya kuwatuliza ipo. Ya kuumaliza kabisa, hatuna."

Akaandika vidonge vya kutuliza uvimbe. Akaandika na klorokwini. Nikacheka kwa hasira. "Si malaria, mama," akaniambia. "Ila hii nayo huwatuliza. Tena ataimeza kwa muda mrefu, si dozi moja."

Sasa hasira yangu niipeleke wapi? Mchawi ningemtukana. Jirani ningemnunia. Mwili wako wewe nitaugombezaje, nami ndiye ninayeukanda, ninayeufunika, ninayeuombea?

Nikakugombeza wewe. Vidonge vilikujaza uso, ukaanza kuvificha chini ya godoro. Nikavikuta, nikakufokea mpaka majirani wakatoka nje.

"Dada," ukasema, "nikimeza, uso si wangu. Nisipomeza, mwili si wangu. Wewe ungechagua nini?"

Nikakupa maji. Ukameza.

Kiangazi kilipofika ulikuwa unasimama, unatembea, unabishana. Nikakukataza kurudi Makambako, ukarudi. Ukapanga chumba chako mwenyewe, ukafunga turubai juu ya biashara yako, ukavaa mikono mirefu na kofia pana kama sinia. Nilipokuja kukutazama, nikamkuta mama mkwe wako mbele ya nguo zako, ameshika sketi kwa ncha za vidole.

"Umepona?" akakuuliza.

"Sijapona, mama," ukasema, kwa sauti ya kusikika na wauza mitumba wenzako wote. "Mwili wangu unanipiga mimi. Hauna ugomvi na wako. Sketi hiyo unachukua, au unaipapasa tu?"

Mama mkwe wako akaitazama sketi, akakutazama wewe. Kisha akaingia chini ya turubai, akaivaa palepale, juu ya kitenge chake.

Ukamwambia inambana.