Kilichotiwa Mkononi

Mwalimu Zebedayo wa Myamba alikuwa na Kilatini kidogo alichookota kwa mapadri, na kidogo hicho ndicho kilichomponza. Serikali ilikuwa imesimika mawe ya mpaka upande wa chini wa shamba lake, ikasema kuanzia mvua za vuli pale ni msitu wa Serikali. Migomba ya babu na kaburi la mama vyote vimo ndani.

Siku moja akasoma katika gazeti kuukuu la misheni kwamba Waingereza wanaitawala Tanganyika kwa kitu kiitwacho mandeti. Zebedayo akaruka. Neno hilo alilijua mpaka kwao lilikozaliwa: mandatum, na ndani yake manus, yaani mkono, na dare, yaani kutoa. Kitu ulichotiwa mkononi ukitunze!

"Mama Raheli, tumepona," alimwambia mkewe, Ernesta. "Wamekiri kwa Kiingereza chao wenyewe. Hii nchi ni ng'ombe wa kuwekewa."

Na nani Upareni asiyejua habari za ng'ombe wa kuwekewa? Unampa mtu wa Kisiwani, kule tambarare, akulishie. Maziwa anakunywa yeye, ng'ombe anabaki wako. Siku ukimwendea na kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa, hakuna maneno. Anakunywa, anakufungulia zizi.

Basi, msomi mzima, akajitwika kibuyu, akashuka kwa miguu mpaka Same. Akakiweka juu ya meza ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, na kumweleza Kilatini chake chote, jasho likimtiririka.

Bwana Shauri hakumcheka. Afadhali angecheka. Alisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba asili ya neno ni hiyo hiyo.

"Ila nikuulize, Mwalimu. Ng'ombe huyo, mwenye haki ya kumfuata ni nani?"

"Aliyemweka, Bwana."

"Vema. Sisi tuliwekewa na mataifa yaliyokaa Ulaya baada ya vita. Wewe ulikuwepo?"

Zebedayo akajitwika tena kibuyu chake, akaanza kupanda kurudi Myamba. Kwa desturi ya Wapare wenyewe, yule Bwana alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomkata maini.

Alipofika nyumbani, Ernesta alikuwa mlangoni.

"Amesemaje?"

"Kumbe wenye ng'ombe si sisi."

"Sasa sisi ni nani, Baba Raheli?"

"Sisi ndio ng'ombe."

 Ernesta akachukua jembe, akaenda kung'oa magimbi kabla ya vuli, machanga vile vile.