Jina la Kumi

Mimi ni katibu wa ushirika ambao haupo. Daftari lake liko chini ya kitanda changu, na nimechoka kuulizwa habari zake. Nitasema mara moja, halafu mtu asinisumbue tena.

Tulikuwa mafundi bati wa Nyasho, Musoma mjini. Tulitengeneza koroboi za mafuta ya taa, ndoo na makarai, na tuliziba taa za karabai za wavuvi wa dagaa wa Mugango na Bukima. Mwaka wa themanini na nne bati lilikuwa limeadimika kabisa. Tulikata makopo ya mafuta ya msaada, yale yenye picha ya mikono miwili inayoshikana, na hata hayo tuligombania. Ndipo serikali ikatuambia: anayetaka bati ajiunge na wenzake, mgawo utatolewa kwa ushirika, si kwa mtu mmoja mmoja. Afisa ushirika, Bwana Leonardi, akatupa na idadi. Watu kumi. Tisa hawatoshi.

Tukapata kumi kwa taabu. Hamduni akawa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake. Mimi Kudura nikawa katibu kwa sababu nilifika darasa la nane na mwandiko wangu unasomeka. Wa kumi alikuwa Shomari, rafiki yangu tangu tukiwa watoto.

Shomari alikuwa mgonjwa wa kifua na mikono ilimtetemeka. Nyasho nzima ilijua kwamba kwa miaka miwili koroboi zake zilikuwa zinatengenezwa na mkewe, Tabu, uani kwao, juu ya kipande cha reli cha kupigia bati. Tulijua tukanyamaza. Kumwambia mwanamume mwenzio kwamba mkewe anamshinda ufundi ni kumvua nguo.

Basi siku tisa kabla ya Leonardi kuja kutukagua, Shomari akafa. Tukamzika, na Tabu akaingia eda. Tulipokutana kwa Hamduni tulikuwa watu tisa tunaotazamana.

Nililitaja jina la Tabu. Sitaki kudanganya: nililitaja mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

"Mjane yuko eda," Hamduni akanijibu. "Unataka umtoe nje akasimame mbele ya afisa? Watu watatuonaje sisi?"

Kuhusu eda alikuwa na haki. Lakini hakuna aliyelazimika kumtoa nje. Ingetosha kuliandika jina lake na kumwambia Leonardi kwamba mwenzetu huyu yuko msibani, akitaka aende akaone kazi zake. Wazo hilo lilinijia palepale nikiwa nimekaa mkekani. Sikulisema. Kikao kilikuwa kimerefuka, nilikuwa na njaa, na nilitaka kwenda nyumbani. Najionea aibu kuliandika, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tukamwazima kinyozi wa jirani. Siku ya ukaguzi Leonardi akaita majina, na alipofika kwa Shomari, kinyozi akaitikia "Nipo!" kwa nguvu kuliko sisi sote. Mbele yake tulikuwa tumempangia koroboi tatu ambazo Tabu alikuwa ametutumia kutoka ndani kwake. Leonardi akaokota moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Fundi Shomari," akasema, "wewe una mkono wa pekee. Wenzako wajifunze kwako."

Akaondoka na ile koroboi, tukasajiliwa, na mgawo wa bati ukaja.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, Tabu akatoka eda. Alikuja asubuhi kwenye banda la ushirika, amebeba kipande chake cha reli begani, akakiweka mahali pa mumewe. Halafu akaja kwenye meza yangu.

"Shemeji, sasa niandike."

"Subiri kidogo, shemeji," nikamwambia. "Leonardi amemhesabu Shomari akiwa mzima. Nikiandika leo kwamba amekufa, ataniuliza yule aliyeitika alikuwaga nani. Tutanyang'anywa bati wote. Ukaguzi wa mwakani ukipita, nakuandika."

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kupiga bati. Bati lilipogawiwa lake lilikuja kwa jina la Shomari, na alisaini Shomari, kwa herufi kubwa kubwa. Mwaka uliofuata akaniuliza tena, nikamwambia subiri. Mwaka wa tatu akaniuliza akiwa ameinama kazini, bila kunitazama. Baadaye akaacha kuuliza, nami nilifurahi kwamba ameacha. Kwenye daftari langu Shomari alihudhuria mikutano, akapiga kura, na mwaka wa themanini na nane niliandika kwamba alitoa hoja.

Kisha mambo yakafunguliwa. Mipaka ikalegea, maduka yakajaa, ndoo za plastiki zikaanza kuletwa kutoka Bunda kwa malori, nyepesi na za rangi rangi. Bati nalo likawa linauzwa kila duka, na serikali iliyokuwa ikitusukuma tukae pamoja haikuja tena kuuliza kama tunakaa. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja. Hamduni alikwenda Bunda kuuza mitumba. Wawili walikwenda kwenye kiwanda cha samaki. Wengine waliacha tu. Mimi macho yalianza kunisumbua, nikabaki kuja bandani kwa mazoea.

Tabu hakuondoka. Aliacha ndoo, akaanza masanduku ya bati, yale wanayobeba watoto wanaokwenda shule za bweni. Alikata kwa mkasi na kukunja kwa nyundo, na sanduku moja lilimchukua siku tatu. Mikono yake ilikuwa imeharibika. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena.

Mwaka wa tisini na tano akaja afisa mwingine, mwanamke kijana aitwaye Getruda, mtu wa Butiama, mwenye heshima zake. Alisema upo mradi wa serikali wa kuwapa zana akina mama mafundi. Kulikuwa na mashine ya kukunja bati, moja tu kwa mji wetu, na ingeweza kutoa masanduku matatu kwa siku.

"Nimeona kazi yako, mama," akamwambia Tabu. "Sina wasiwasi. Nahitaji kitu kimoja tu, uthibitisho kwamba umekuwa mwanachama wa ushirika uliosajiliwa, miaka mitano au zaidi."

"Mimi niko hapa miaka kumi na moja," Tabu akasema. "Muulize katibu. Ana daftari."

Nililileta. Getruda akalifungua juu ya sanduku lililokuwa halijaisha, akashuka na majina polepole, mwaka hadi mwaka. Tabu alisimama kando akijifuta mikono kwenye khanga. Nilijua atakachokikuta, na bado nilikuwa natumaini kijinga kwamba atachoka kabla ya kufika mwisho.

"Hayumo," Getruda akasema. "Mzee, huyu Shomari ndiye nani? Naona anasaini kila mgawo."

Ningeweza kusema ni mtu aliyehama. Tabu hakumtazama Getruda. Alinitazama mimi, na nikaona kwamba amechoka kuliko mimi, na kwamba sikuwahi kuwa na haki ya kuchoka.

"Ni mume wake," nikasema. "Alikufa themanini na nne, kabla ya ukaguzi. Hizo saini ni za huyu mama. Kazi zote zilikuwa zake. Mimi ndiye niliyeandika uongo."

Getruda akalifunga daftari, akanirudishia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Mzee, sasa umeniweka pabaya," akasema. "Daftari hili siwezi kulipeleka popote. Kama huyu alikuwa amekufa, basi tangu siku ya kwanza mlikuwa tisa, na tisa hamkustahili kusajiliwa. Hakuna ushirika hapa wa kumthibitisha mtu. Pole sana, mama. Hiyo mashine itabidi niipeleke kwingine."

Akamshika Tabu mkono, akaaga, akaenda zake. Nilibaki nimeshika daftari, natafuta neno la kusema, na yaliyokuja yote yalikuwa maneno ya katibu.

Tabu akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akavuta lile sanduku, akaanza kukunja ukingo kwa nyundo. Alipiga mara kadhaa, kisha akasimamisha mkono.

"Eti tisa," akasema. Miaka yote aliniita shemeji. Siku hiyo hakuniita hivyo. "Hamduni na wewe, na wale wengine saba. Na mimi. Tulikuwa kumi, katibu. Tangu siku ile tulikuwa kumi. Ungeandika tu."