Sentimita Arobaini

Mchoro ulikuwa safi kama bweni siku ya ukaguzi, na uongo ulikuwa ndani yake. Binti wa kidato cha tatu, ambaye wenzake walimwita Rula kwa jinsi alivyoabudu mistari iliyonyooka, ndiye pekee aliyeujua. Vyumba vinne vya maktaba ya shule ya msingi, vilivyopangana safu moja, kwa jumla vilipungua sentimita arobaini vikilinganishwa na ukuta wa nje, ambao msanifu majengo aliyekuwa akiwafunza kazi ofisini mwake aliupima mwenyewe. Jana Rula alizimeza: alizinenepesha kuta za kati mpaka hesabu ikakubali.

Asubuhi hii ndipo alipong'amua. Tepu ya kupimia ya ofisi ilikuwa imekatika ncha zamani. Desturi yao ilikuwa kuanza kupima kwenye alama ya sentimita kumi, kisha kutoa kumi kwenye jibu.

"Ulipokuwa unanisomea vipimo," alimnong'oneza mwanafunzi mwenzake, "ulikuwa unatoa ile kumi?"

"Nisitoe kwa nini? Mimi si mzembe."

"Na mimi nilitoa nilipoandika."

Mwenzake akajishika kichwa. "Basi uangalifu umetuponza. Nyamaza, ndugu yangu. Ukuta mnene haujawahi kumdhuru mtu."

Mafunzo yao ya wiki tatu yalikuwa yanafika ukingoni, na mmoja wao tu ndiye angeitwa tena likizo ijayo. Rula aliitamani nafasi hiyo kufa na kupona. Lakini wakati huohuo seremala alikuwa karakanani, akikata mbao za rafu kwa vipimo vya mchoro huo. Rula aliitazama mistari yake mizuri, ikamtia haya.

Akavuka chumba. "Mama, kuta nimezinenepesha mimi. Tulitoa kumi mara mbili."

Msanifu alivua miwani, akaupitia mchoro kwa kidole, taratibu. "Nami nilikuwa najiuliza maktaba hii imegeuka ngome tangu lini." Akapiga simu, akamkabidhi. "Fundi huyo. Mweleze mwenyewe."

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi Rula akaisogeza simu mbali na sikio. "Una bahati, mwanangu. Nimekata ubao mmoja tu. Nitaufanya benchi la watoto. Haya, niambie, liwe na kimo gani?"

Jibu lilimjia papo hapo, lile la kitabuni. Akalimeza.

"Nipe saa moja, fundi. Naenda kuwapima watoto."

Mwenzake alimfuata ngazini mbiombio, akiuliza safari hii nani atatoa kumi.