Waliambiwa ni Kidole Tumbo

Siku ya nne baada ya binti yake kupasuliwa, mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba ameshika kikombe cha dawa, kile kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi ya watoto, kimejaa maji hadi kwenye mstari. Simu ya binti ilikuwa inalia kila baada ya robo saa. Ikilia, maji. Tena si kunywa kama watu wanavyokunywa. "Funda dogo, lishuke, subiri, halafu lingine," nesi alisema siku ya kuwaruhusu, na akaandika yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana aliona mama anasoma kwa kufuata na kidole. Mrija hapana. Soda hapana. Kitu cha kutafuna hapana kabisa. Wiki mbili ni maji, maziwa mepesi, na supu iliyochujwa mpaka unaona kitako cha bakuli. Vidonge vipondwe. Kila saa atembee.

Basi nyumba nzima ikawa inatembea. Kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ni hatua kumi na nne. Binti mbele na soksi zake za kubana miguu, mama nyuma kama askari anayesindikiza mahabusu.

"Mama, huna haja ya kunifuata."

"Nanyoosha miguu yangu."

Kuna mambo mama hakuambiwa, au aliambiwa yakapita. Hakujua kwamba tumbo ndilo litakatwa lakini bega la kushoto ndilo litauma. Nesi alisema ni hewa waliyopuliza tumboni wakati wa upasuaji, itaisha yenyewe. Hakujua kwamba mtu mzima wa miaka thelathini na nne, karani wa shule anayegombeza wazazi dirishani, atakaa ukingoni mwa kitanda analia bila sababu, ukimuuliza anasema hajui. Mama alikuwa amepiga pasi kwenye duka la dobi miaka thelathini. Amezoea kitu ukikikosea kinaungua pale pale, unaona. Huyu mtoto alikuwa kama nguo iliyofungwa kwenye mfuko, huoni kinachoendelea ndani.

Si kwamba walikimbilia kisu. Sukari ilikuwa imepanda, magoti yamekataa ngazi, na mwaka mzima binti alikuwa analala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Daktari alieleza, wakakubali. Lakini binti alitoa sharti moja.

"Asijue mtu. Ukimwambia mtu, mama, nahama nyumba hii."

Aliwahi kujinyima kula ili apungue mwili, wakati fulani, na ukoo mzima ukajua. Kila penye shughuli watu wakawa wanachungulia sahani yake. Huyu anahesabu matonge, yule anacheka. "Sitaki sahani yangu ikaguliwe tena," alisema. Kwa hiyo wakatafuta ugonjwa wa kusema. Wakachagua kidole tumbo. Ni ugonjwa wa heshima, unakuja wenyewe, hakuna anayekuuliza ulifanya nini mpaka ukaumwa. Wakaona wamepata.

Katika magonjwa yote yaliyoko duniani, wakachagua ule ambao wifi alishapasuliwa.

Wifi, dada wa marehemu mume wa mama, aliingia saa nne asubuhi ile ile ya siku ya nne, na mkoba unaoonyesha kabisa kwamba hakuja kusalimia na kuondoka.

"Hodi, hodi. Yuko wapi Kibonge wangu?"

Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, mtoto akiwa na miezi miwili, na halijamtoka mpaka leo.

"Niko hapa, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivi? Siku ya ngapi leo?"

"Ya nne."

"Siku ya nne mimi nilikuwa nafua mashuka."

"Wewe, wifi, una nguvu za trekta," mama akasema.

"Nguvu gani? Nilikuwa nakula." Akakiona kikombe. "Na hiki ndicho mnachomnyweshea? Kama kifaranga?"

"Daktari kasema taratibu."

"Daktari gani huyo? Mimi siku ya tatu nilipewa mkate na yai, na daktari mwenyewe amesimama ananiangalia natafuna. Hebu nione mshono."

"Wamefunga bandeji, shangazi," binti akasema, akavuta shuka hadi kidevuni. Chini ya shuka kulikuwa na matundu matano madogo, wala hata moja halikuwa pale kinapokaa kidole tumbo.

Ilipofika saa sita wifi alikuwa jikoni kama kwake. Yai linachemka, mkate unakatwa. Mama akasimama nyuma yake. Akashika taulo, akaliweka. Akafungua kabati, akalifunga. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi, alikuwa ameshayapanga yote.

"Wifi," akasema.

"Nini?"

"Chumvi iko rafu ya juu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Chumvi iko rafu ya juu.

Sahani ikapelekwa kitandani. Binti akamtazama mama. Mama anajua macho ya mwanawe tangu yakiwa hayajajua kutazama, na macho yale yalisema, usithubutu. Binti akachukua kipande cha mkate, akatafuna mpaka kikawa uji mdomoni, akameza. Akachukua yai. Akameza. Mkate tena.

"Unaona?" wifi akasema. "Mlikuwa mnamtesa tu mtoto."

Kipande cha tatu hakikufika mdomoni. Mkono wa binti ulikwenda kifuani ukabaki hapo. Mate yakaanza kumjaa, yale mazito ya povu, akawa anayameza na hayashuki. Akainuka akaenda bafuni anashika ukuta. Walimsikia akitapika, kidogo, kwa shida, kama mtu anayevuta kamba.

"Utumbo unaamka huo," wifi akasema. "Ni kawaida."

Saa nane mama akampigia nesi kwenye ile namba iliyoandikwa chini ya karatasi. Alitaka kwenda kupigia ngazini, lakini binti alikuwa amemshika mkono hataki aondoke, na wifi ameketi miguuni pa kitanda, masikio yote mawili yako kazini.

"Ametapika," mama akasema.

"Amekula au kunywa kitu chochote tofauti na nilivyowaandikia?"

Binti akatikisa kichwa.

"Hapana," mama akasema. "Maji tu. Na supu."

"Imechujwa?"

"Imechujwa."

"Basi maji kidogo kidogo, kama nilivyokuonyesha. Hesabu mapigo ya moyo kila nusu saa. Yakifika mia na ishirini, au joto likipanda, au akiwa hatulii, nipigie hapo hapo. Usisubiri."

Mama akaanza kuhesabu. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani. Mia na nne. Nusu saa baadaye, mia na kumi na mbili. Mara inayofuata wifi alikuwa anasimulia habari za jirani aliyefukuzwa kazi, hesabu ikampotea kwenye sabini na kitu, akaanza upya. Mia na kumi na nane. Haijafika, akajiambia. Imebaki mbili. Kama vile moyo ni bosi wa kazini, unaweza kupatana naye.

Binti hakai. Akilala anainuka. Akiinuka anataka kuketi kwenye kiti, akiketi anataka dirishani. Akifika dirishani anasema turudi. Shuka halimfai, akitolewa shuka anasikia baridi. Mama alimfuata zile hatua kumi na nne mpaka akapoteza hesabu, na safari hii binti hakumwambia asimfuate.

"Gesi hiyo," wifi akasema. "Atembezwe tu."

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, "bega."

"Lile lile?"

"Lile lile. Lakini si vile. Nikivuta pumzi linachoma."

Mama akaweka mgongo wa mkono shavuni mwa mwanawe. Mkono ule umepima pasi kwa miaka thelathini na haujawahi kumdanganya. Akahesabu tena. Mia na thelathini na moja. Ilikuwa saa kumi na moja.

Akapiga simu. Nesi alikuwa yule yule.

"Mama, nakuuliza mara ya pili," nesi akasema. "Amekula nini?"

Binti akatikisa kichwa tena, sasa kwa nguvu, machozi yanamtoka. "Mama, tafadhali," akasema. Wifi akainua macho. Mama alimtazama mwanawe, midomo imekauka, pua inapanuka akivuta pumzi, akaona kwamba anaweza kuitunza siri au kumtunza mtoto, na muda wa kufanya vyote viwili umekwisha.

"Mkate," akasema. "Vipande viwili, na nusu ya yai. Saa sita. Nilikuwa nimesimama pale pale namwangalia. Saa nane nilikudanganya. Watu tumewaambia ni kidole tumbo, na wifi yangu alikuwa amekaa hapa anasikia, na sasa hivi anasikia, si kidole tumbo, wamemkata tumbo kulipunguza."

Nesi hakuwa na habari na wifi. "Mleteni sasa hivi," akasema. "Asimeze kitu. Hata maji."

Wifi akasimama, akatafuta viatu vya binti chini ya kitanda, akamvisha kimoja kimoja. Akashika kwapa la kulia, mama la kushoto, wakashuka ngazi. Wakapanda taksi, mama akamweleza dereva sababu ya haraka. Hospitalini kitanda cha magurudumu kikaja, kikamchukua binti, milango ikafungwa. Kwenye benchi la korido wifi akageuka.

"Wifi, mimi nimemlisha."

"Hukujua."

"Ndiyo. Sikujua." Mkoba ulikuwa magotini, anafungua zipu anafunga. "Mngeniambia mdomo wangu mpana, ningenuna, yangekwisha. Mngeniambia usije mpaka wiki ijayo, ningewasema vibaya, halafu ningekuja wiki ijayo. Lakini umesimama nyuma yangu jikoni, wewe, mtu mzima mwenzangu, umeniacha nimkatie mkate mtoto wa kaka yangu kwa mkono wangu huu. Umenionyesha na chumvi."

Mama akaitazama ile milango iliyofungwa.

Daktari alitoka na kofia ya kijani bado kichwani. Alisema kwenye mshono wa ndani palikuwa na tundu la kupitisha sindano, maji ya tumbo yakawa yanavuja. Wameosha, wameziba, wameacha mpira wa kutolea uchafu. Atapona, lakini atakaa wodini siku nyingi, na siku hizo hatakunywa hata lile funda.

"Ni mkate?" mama akauliza.

"Siwezi kukuambia ni mkate. Huenda lilianza kabla ya mkate. Ninachojua ni kwamba mlipiga simu saa nane, na mkaja jioni. Ningemwona saa nane, ningekuta kazi ndogo."

Mama alichukua saa zile tatu akaenda nazo benchi. Wewe unayeuguza mtu nyumbani, ukiwa na siri na nesi akakuuliza, mtoe nje huyo unayemwogopa. Kama hatoki, mwache asikie. Watu watasema wiki mbili, tatu, watachoka. Lakini mapigo ya moyo hayangoji wageni waondoke.

Siku iliyofuata binti aliamka vizuri, na mpira puani.

"Ulimwambia," akasema.

"Nilimwambia."

"Nilikuomba."

"Uliniomba."

"Sasa dunia nzima inajua."

"Bado. Anajua shangazi yako, nesi, na dereva wa taksi."

Binti hakucheka. Akageuza uso ukutani, akakaa hivyo, na mama akakaa naye hivyo hivyo, mkono uko juu ya blanketi na haujui kama unatakiwa.

Nesi wa wodi akaja na faili. "Mama," akasema, "kuna kingine chochote cha siku zile za nyumbani ambacho hatukijui?"

Mama akavuta kiti. Kulikuwa nacho. Kidonge cha siku ya pili hakikusagika vizuri, kilibaki na punje. Asubuhi ya siku ya tatu simu ililia mara nne mtoto amesinzia, akaizima, akaona amwache alale, saa nzima bila tone la maji. Supu aliichuja mara moja, na karatasi ilisema mara mbili. Sindano ya kuzuia damu kuganda aliichelewesha kwa sababu aliogopa kumchoma. Alisema yote, hata asali aliyompaka mdomoni kwa kidole kwa kumwonea huruma, na kadiri alivyosema ndivyo alivyokumbuka mengine. Nesi anaandika, haulizi kwa nini. Blanketi halitikisiki.

Mama aliponyamaza kuvuta pumzi, sauti ikatoka kule ukutani.

"Na chai," binti akasema. "Siku ile ya tatu. Ulipoingia kuoga nilikunywa chai yako iliyobaki."

Mama akageuka kumtazama. Kalamu ya nesi ikasimama.

"Kiasi gani?"

"Nusu kikombe."

"Na sukari?"

"Sukari ya mama," binti akasema, bado anatazama ukuta. "Andika vijiko vitatu."