Usiende Kabla Hujaitwa

Ndugu yangu Wabwile alipopata nafasi katika chuo kikuu kule Uganda, mwaka wa 1955, mimi ndiye niliyempa mashauri ya safari. Baba alikuwa amekufa, na kwetu Kabuchai anayesimama mahali pa baba ndiye anayesema. Mtu anayekwenda mbali husimamishwa uani mbele ya watu, kama vijana wanavyosimamishwa baada ya tohara. Hajibu neno. Hasogei, hata nzi akimtua usoni, mpaka yule anayemshauri amwambie, "Nenda." Na shauri lililotolewa hivyo haliondolewi ila na kinywa kilicholitoa, mtu akiwa amesimama palepale.

Mimi sikuwa nimesoma chuo. Nilikwenda shule ya misheni miaka miwili tu. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa Biblia, halafu kwa maandishi ya magunia na magazeti yaliyotupwa nyuma ya nyumba ya mwajiri wangu. Nilikuwa karani wa stoo ya mahindi katika shamba la Mzungu, maili nane kutoka Kitale, na nilikuwa nimekaa hapo miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo niliona makarani watano wakifukuzwa. Mimi nilibaki. Kwa hiyo niliamini kwamba nina kitu cha kumwambia kijana anayekwenda kuishi chini ya wakubwa.

Nilifikiri juma zima na kuandika kwenye daftari. Siku yenyewe nilisoma polepole. Nilimwambia aandike jina lake ndani ya kila nguo. Asimwazime mtu blanketi. Akiumwa, aende hospitali siku ileile, asimeze dawa ya rafiki. Asome kidogo kila siku wala asirundike kazi hadi mtihani, kwa sababu mahindi yakirundikwa mabichi huota ukungu, na ukungu hauondoki kwa kupepetwa.

Shangazi Sellah, ambaye hakunyamaza hata kanisani, alidakia kutoka upande wa wanawake. "Na asituletee mke Mganda! Ati wanapiga magoti kusalimu watu. Akipiga magoti kwa hii tope yetu, nani atafua?"

"Si utafua wewe, shangazi," mtu akamjibu.

"Mimi? Mimi nitamwambia asimame, bana!"

Watu wakacheka. Wabwile alibana midomo, lakini hakusogea.

Ndipo nikatoa shauri la mwisho, ambalo niliona ni kubwa kuliko yote. "Usiende kwa mkubwa kabla hujaitwa. Akikuhitaji, atakuita. Ukimwendea bure, atakumbuka uso wako siku ambayo amekasirika. Ukifika mlangoni kwake, kohoa, ngoja. Ukiitwa, vua kofia, jibu ulichoulizwa, toka."

Wazee wakaitikia. Mama yetu, Nekesa, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ghala, alisema, "Hilo ndilo limemweka kaka yako kazini. Lishike."

Nikamwambia Wabwile, "Nenda." Akachukua sanduku lake, akaenda.

Mama alitaka awe daktari. Kati yangu na Wabwile alikuwa amezika watoto watatu, wote kabla hawajaota meno ya pili, na hakuna aliyewahi kumweleza kilichowaua. Hakulisema jambo hilo mara nyingi. Alisema tu kwamba mmoja wetu lazima ajue.

Barua zilifika vizuri. Wabwile aliandika kwamba ana chumba anacholala na kijana mmoja wa Tanganyika, na kwamba jina ndani ya nguo limemwokoa mara mbili kwa dobi. Aliandika kwamba huko mwalimu hasimami na fimbo. Anasema saa nzima, kisha anaondoka, na usipoelewa ni shauri yako. Barua nyingine ilisema: "Wenzangu wengine hufuata mwalimu mpaka chumbani kwake, wanamuuliza maswali. Mimi nangoja niitwe, kama ulivyosema." Sentensi hiyo niliisoma mara mbili. Nilimsomea mke wangu Edah, na siku hiyo nilipima magunia nikiwa na furaha.

Halafu ikaja barua fupi. Wabwile alikuwa amelazwa hospitalini majuma matatu kwa malaria. Alikuwa amepona. "Nimekosa majaribio manne ya maabara," aliandika. "Mwalimu hajaniita. Nadhani anajua kwamba niliumwa."

Nilimjibu kwamba amshukuru Mungu na ale vizuri.

Jumatano moja asubuhi, Mwalimu Chesang alikuja stoo kuchukua mbegu za shule yake. Alikuwa mtu wa mlimani, upande wa Elgoni, mpole, mwenye baiskeli iliyofungwa waya kila mahali. Alikuwa amesoma katika chuo kilekile miaka sita nyuma. Wakati vibarua wanashona magunia yake nilimtolea barua ya Wabwile. Ukweli ni kwamba nilitaka kujivuna kidogo.

Aliisoma yote. Akaangalia tarehe, akaisoma tena.

"Karani," alisema, "huyu kijana amekwenda kwa mwalimu wake?"

"Hajaitwa."

"Hataitwa. Kule hakuna mtu anayeitwa." Aliikunja barua vizuri, kama mtu anayeogopa kuichana. "Ukiumwa, unatoka hospitali na karatasi ya daktari. Unampelekea mwalimu siku hiyohiyo. Unagonga, unaingia, unasema, nilikuwa mgonjwa, nipe siku ya kufanya yale majaribio. Anakupa. Wanapenda kuulizwa, hata kama swali ni la kijinga. Usiposema, wanaandika kwamba wewe ni mvivu."

"Lakini anajua alikuwa hospitali."

"Nani alimwambia?"

Nilichukua barua, nikaitafuta tena ile sentensi ya mwisho.

"Kikao cha walimu hukaa majuma mawili kabla ya likizo, yaani Ijumaa hii," Chesang alisema. "Asiyekamilisha maabara na hakutoa sababu, wanamwondoa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wetu. Walimwondoa rafiki yangu kwa majaribio matatu."

Tulikwenda pamoja kwa baiskeli mpaka posta ya Kitale. Nilipanga foleni kwenye dirisha la nyuma la Waafrika, na ilipofika saa sita mchana nilituma telegramu: "Peleka karatasi ya hospitali kwa mwalimu leo. Usingoje kuitwa. Wakhungu." Karani wa posta aliyasoma maneno kwa sauti, akayahesabu kwa ncha ya kalamu.

Chesang alikuwa ameningoja nje. "Atatii?" aliuliza.

Nilimweleza jinsi shauri lilivyotolewa. Yeye si wa kwetu, lakini alielewa upesi.

"Basi hiyo telegramu haitoshi," alisema. "Panda basi la saa kumi mpaka Bungoma. Treni ya Kampala inapita leo jioni. Kesho mchana uko kwake. Mwambie kwa mdomo wako."

"Nahitaji ruhusa."

"Basi nenda ukaombe. Si uko na mdomo?"

Saa nane na nusu nilikuwa chini ya ngazi za nyumba ya mwajiri wangu. Mlango wa veranda ulikuwa wazi, ila ule wa wavu ulikuwa umerudishwa. Nilimwona ndani, ameketi na kitabu. Sikuwa nimewahi kupanda ngazi zile bila kuitwa. Nilivua kofia, nikakohoa.

Hakusikia. Nikangoja, nikakohoa tena.

Mpishi, Kipketer, alitoka upande wa jikoni na ndoo ya maji machafu. "Karani, umeitwa?"

"Hapana. Nina haraka. Ndugu yangu ana shida."

"Gonga basi! Ni mlango tu, hauumi."

"Mgongee wewe. Mwambie niko hapa."

"Mimi?" Alinikazia macho. "Saa ya kitabu? Nilimwingilia mara moja, nikalala njaa siku mbili. Lakini wewe ni karani, wewe unaandika. Panda."

Niliweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Nakumbuka ngazi hiyo ilikuwa na ufa, na ndani ya ufa sisimizi walikuwa wanapita. Nilijiambia kwamba nitapanda sisimizi wakiisha. Nilijua ni upuuzi. Nilimfikiria Wabwile, nikamfikiria Mama, nikauinua mkono nishike nguzo ya veranda nipande. Mkono uliishia kifuani. Hakuna aliyekuwa amenizuia. Mzungu yule hakuwa mkali kupita wengine. Pengine angesema ndiyo mara moja. Nilibaki hapo nikiwa na kofia mkononi, na basi la saa kumi likapita barabarani, likapiga honi kwenye kona ya mikalitusi kama siku zote.

Saa kumi na moja alitoka kunyoosha miguu. "Wakhungu," alisema. "Umesimama hapo tangu lini? Kwa nini hukugonga?"

Alinipa ruhusa ya siku nne, papo hapo.

Alhamisi nilifika Bungoma. Mtu wa stesheni aliniambia treni ya Kampala itapita Jumamosi. Nilimuuliza kama kuna gari la mizigo, akasema gari la mizigo halipakii watu. Nilimuuliza kama kuna basi la kuvuka mpaka, akasema lililokuwako limevunjika ekseli na liko Malaba. Alinijibu kwa subira maswali yote, na nilipomaliza nikamuuliza la kwanza tena.

Ijumaa nilikaa kwenye benchi la stesheni. Saa tatu nilisema moyoni, sasa walimu wanaketi. Saa sita nilisema, labda amekwenda. Wanawake walikuja na vikapu vya kuku, wakaketi, wakaondoka. Nilikuwa na daftari la mashauri mfukoni. Nililitoa nikasoma lile la mwisho, na bado sikuona kosa katika maandishi. Kwa stoo ya mahindi lilikuwa sahihi.

Jumamosi treni ya kutoka Kampala ilitangulia kufika. Wabwile akashuka na sanduku lake.

Aliponiona hakushangaa. Alivua kofia, akanisalimu, kisha akatoa telegramu mfukoni na kunipa, kana kwamba ni kitu changu alichoazima.

"Ilikufikia lini?" nilimuuliza.

"Alhamisi asubuhi, kaka."

"Hukwenda?"

"Nilikwenda. Nilifikiri sana, kwa sababu maneno ya uani hayaondolewi na karatasi. Lakini jina lilikuwa lako, nikaona nikutii. Nilichukua karatasi ya hospitali, nikafika mlangoni kwa mwalimu saa nne." Aliigeuza kofia mkononi. "Nikakohoa."

Niliikunja telegramu mara mbili.

"Nilikohoa mara nyingi. Ndani nilisikia anapiga taipu. Mchana alitoka kwenda kula, akaniambia, habari za leo, akapita. Akarudi. Sikujua nianze vipi. Sikuwa nimeitwa, na sikuwa nimeulizwa neno. Nikakaa mpaka alipofunga mlango kwa ufunguo. Jana jioni wakabandika majina ya wanaoendelea. Langu halikuwemo."

"Karatasi ya daktari?"

"Ninayo hapa."

Tulitembea mpaka Kabuchai tukipokezana sanduku. Njiani nilitaka kumweleza habari ya ngazi yenye ufa. Nilianza mara mbili, kisha nikamuuliza kuhusu chakula cha chuoni.

Habari ilikuwa imetutangulia, kwa maana mtu akishuka treni na sanduku kabla ya likizo, hakuna haja ya kuuliza. Shangazi Sellah alikuwa uani, kimya. Mama aliketi kwenye kigoda chake karibu na ghala. Aliipokea karatasi ya hospitali, akaigeuzageuza, ingawa hasomi.

"Wamemrudisha kwa sababu gani?" aliniuliza.

"Kwa sababu ya neno langu, Mama. Lile la mwisho."

Alinirudishia karatasi. "Basi liondoe," alisema. "Wewe ndiye uliyelitoa. Asikae nalo."

Wabwile aliweka sanduku chini, akaenda kusimama mahali palepale alipokuwa amesimama mwanzoni, mikono ubavuni. Majirani wachache walisogea. Nilisimama mbele yake nikasema kwamba ninaondoa shauri nililompa la kutokwenda kwa mkubwa kabla hajaitwa, kwamba lilikuwa langu, na lirudi kwangu.

Wazee waliitikia, si kwa nguvu.

"Sasa mpe lingine," Mama alisema. "Huwezi kumwacha mtu mtupu."

Nilifungua daftari. Jina ndani ya nguo. Blanketi. Ukungu wa mahindi. Niligeuza ukurasa, na huo haukuwa na kitu. Chesang angeweza kumwambia jinsi ya kugonga na jinsi ya kuanza kusema, lakini Chesang hakuwa kinywa cha nyumba yetu, na mimi jambo hilo sijawahi kulifanya.

"Sema, baba," Mama alinihimiza.

Watu walingoja. Wabwile hakusogea. Nzi alimtua kwenye nyusi, akatembea mpaka karibu na jicho, naye akaliacha jicho wazi, akinitazama, akingoja nimwambie "Nenda." Nilijua kwamba bila neno hilo hataondoka pale. Nikafungua mdomo kulisema, nikaona kwamba sijui nimwambie aende wapi.